Vema Kumi kwa Kalamu Nyekundu

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inakwenda, na chumba nilichopanga bado kina dirisha moja linaloangalia ukuta. Ukuta nao mzima. Nakuandikia kwa sababu uliniambia simu ni ya watu wenye haraka wasio na la kusema, na tangu hapo kila nikikupigia unakata baada ya "marahaba". Nisalimie fundi cherehani wa mlango wa pili, umwambie gauni alilonishonea linasifiwa sana na watu wasiojua limepasuka wapi.

Sasa la maana. Hoteli inatafuta mtu wa mapokezi, na safari hii wamesema watamchukua mmoja wetu sisi wa usafi wa vyumba. Kipimo chenyewe ni ripoti. Mgeni akiondoka tunaandika hali ya chumba kwa Kiingereza, na msimamizi wetu ana sheria moja tu: hoteli haimtuhumu mgeni. Mgeni akivunja taa, na vipande vikawa vimetapakaa sakafuni, huandiki kwamba taa imevunjika. Unaandika kwamba inaonekana imevunjika. Zulia lenye tundu la sigara linaonekana limeungua. Juzi maji yalikuwa yanateremka ngazi pamoja nasi, tukaandika kwamba bomba la bafuni linaelekea kuvuja.

Taabu yangu ni kwamba Waingereza hawakutosheka na neno moja. Wana look, wana seem, wana appear, na kila nikichagua moja msimamizi anatabasamu kama mtu aliyenusa soksi. Wewe umefundisha Kiingereza tangu mimi sijazaliwa. Nisaidie kabla kazi haijaenda kwa mwenzangu wa ghorofa ya tatu, ambaye Kiingereza hakijui lakini kucheka anajua.

Halafu Mjomba, mwandiko wako umefanya nini? Barua yako ya mwisho ilikuwa na maneno manne kila mstari, herufi kubwa kama za kibao cha kinyozi. Ulidhani nimezeeka?

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima kabisa. Paka mzima. Fundi anakusalimu na anasema gauni lilipasuka kwa kosa la mvaaji. Shuleni wananivumilia bado. Mwalimu mkuu amenihamishia darasa la chini, karibu na ngazi, "ili usichoke, Mwalimu", kana kwamba mimi ni gunia la saruji.

Utashangaa kwamba barua yako sikuirudisha na masahihisho kama nilivyozirudisha zote tangu ulipokuwa shule ya bweni. Wino mwekundu umeadimika madukani. Ukipatikana utanikoma.

Tuje kwenye hoteli yenu yenye adabu. Look ni ya mwenye macho: umeona, unasema. Seem ni ya mwenye maoni: hakuona vizuri, lakini kunyamaza hawezi. Appear ni seem iliyovaa tai. Ina makao mahakamani, kwenye taarifa za serikali na, naona sasa, kwenye vyoo vya wageni wenu. Zipo pia sound, smell, taste na feel, za sikio, pua, ulimi na ngozi, kwa wale ambao macho yao yana shughuli nyingine.

Kosa lako nalijua bila kuliona, maana ulilianza ukiwa na miaka kumi na miwili. Unafikiri kitenzi chochote kikipita lazima kifuatwe na kielezi. Hapana. Ukitaka kusema sura ya mgeni ni ya hasira, sema "The guest looks angry", ukae kimya. Ukibandika "angrily" umesema mgeni anakodoa macho huku na huku kwa hasira, jambo ambalo huenda ni kweli, lakini si kazi ya mfanya usafi kulitangaza. Kipimo ni hiki: toa look, weka is. Sentensi ikisimama, umepata. Ikianguka, anguka nayo.

Niandikie sentensi kumi. Kwa wino mweusi, herufi kubwa, usibanebane maneno kama abiria.

Mjomba wako

21 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, ila yule wa ghorofa ya tatu ameanza kucheka hata kabla msimamizi hajasema kitu. Nina wasiwasi kweli.

Asante kwa somo. Nimelisoma katika stoo ya mashuka, ambako najifungia saa ya chakula cha mchana kwa kuwa ni mahali pekee pasipokuwa na mtu wa kuniuliza nasoma nini. Sentensi kumi hizi hapa kwenye karatasi ya pili. Najua ulisema wino mweusi na herufi kubwa. Kalamu za hoteli zimefungwa kwa mnyororo pale mapokezi, kama vile wageni wanatoka nchi zisizo na kalamu, kwa hiyo nimetumia penseli. Na karatasi ilikuwa moja. Utaona tu, wewe ulikuwa unaona hata nukta iliyosahaulika na mtu wa dawati la nyuma.

Nimejitahidi. Nikifeli sema, usiume na kupuliza, kwa sababu sentensi hizi ndizo ninazokusudia kuzitumia kwenye ripoti za mwezi ujao, na msimamizi amesema ripoti hizo ndizo zitakazoamua.

Umepata wino?

Mpwa wako

23 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mzima. Paka mzima. Mvua ni nyingi.

Wino umepatikana. Karatasi yako hii hapa. Umepata zote. Hongera sana. Endelea hivyohivyo.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, na mwisho wa barua utajua kwa nini.

Nilizichukua sentensi zangu kumi zilizobarikiwa nikazipanda kwenye ripoti kama miche. Jumatatu tukaitwa kikaoni, wafanya usafi wote na wapishi wawili waliokuja kujionea. Msimamizi akasoma yangu kwa sauti: "The guest looks angrily." Ni ileile uliyonikataza; kule stoo niliichanganya, na vema yako ikaniaminisha. Halafu akaiigiza. Aliinuka, akaukodolea macho mtungi wa maji kwa hasira, akaikodolea feni, akamkodolea mpishi. Watu wakashika mbavu. Akaendelea na "The curtain looks badly", akaeleza kwamba kumbe mapazia yetu nayo yana macho, ila hayaoni vizuri. Mimi nikasema sentensi zangu zimesahihishwa na mwalimu. Akaniuliza, mwalimu wa nini, wa kuogelea?

Nilikasirika nikataka kukuandikia siku hiyohiyo. Nimeshukuru sikufanya hivyo, kwa sababu jioni niliitoa ile karatasi nikaitazama upya, safari hii si kwa furaha.

Kumi, Mjomba. Katika ukoo huu hakuna mtu aliyewahi kupata kumi kwako. Nilipokuandikia kwamba nimefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, ulinirudishia barua ikiwa na alama sita. Kwenye kadi ya harusi ya binamu ulikosoa tarehe. Wewe ni mtu wa kumvika nani kilemba cha ukoka?

Halafu vema zenyewe. Mbili zimekaa kwenye sentensi. Kadhaa ziko pembeni pasipo na neno lolote. Moja umeipa nembo ya hoteli. Nyingine umeiweka kwenye doa la chai, na mkia wake umetoka nje ya karatasi, kwa hiyo naamini sasa hivi meza yako nayo ina nusu ya vema. Penseli yangu hukuiona kabisa. Ulijua tu kwamba ni karatasi, na kwamba ulitaka nifurahi.

Huoni, Mjomba. Tangu lini, sijui. Sitauliza kama ni kweli, kwa sababu utanijibu kwamba paka ni mzima.

Kama barua hii umeisoma mwenyewe, nitapiga magoti na kuomba radhi mbele ya fundi. Kama umesomewa, basi msalimie anayekusomea, na umwambie asipunguze neno.

Mpwa wako

24 Julai

Mwanangu,

Mimi ni fundi cherehani. Barua yako ilikaa mezani kwake wiki nyingi haijafunguliwa; mwisho akaja nayo kwangu, akasema miwani yake imepotea. Miwani alikuwa ameivaa. Nikamsomea. Akaniambia tutajibu kesho, na kesho hiyo imefika leo. Ameniamuru niandike kila neno atakalosema, nisiongeze wala nisipunguze, maana ndivyo ulivyotaka. Basi naandika kila neno.

Marahaba. Andika, marahaba. Mwambie mimi mzima. Mwambie nina ukungu kidogo machoni, wa muda tu, ni vumbi la chaki. Nini? Shule imeacha chaki, nani kakuuliza? Andika vumbi. Mwambie barua yake haina adabu, na kwamba uliisoma kwa sauti mno, na wateja waliokuja kupunguza suruali waliisikia yote, na mmoja akacheka pale kwenye kuogelea. Mwambie vema zilikuwa za kumtia moyo. Unaguna nini? Sikuguna. Umeguna. Andika za kumtia moyo.

Mwambie daktari nimemwona. Yaani nimekaa mbele yake. Anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kanipangia siku mara mbili, na mara zote nilikuwa na kazi. Kazi gani! Hilo la kazi gani ni lako, usiliandike. Anasema ni jambo dogo, unaingia asubuhi, unarudi na jicho limefunikwa. Jambo dogo. Mama yake naye tuliambiwa ni jambo dogo. Futa hapo. Fundi, nasema futa, sitaki asome habari za mama yake kwenye barua ya vumbi. Umefuta? Nimefuta.

Sikufuta, mwanangu. Kalamu ni ya wino na mimi si mwongo wa maandishi, ni wa mdomo tu.

Sasa ametoka uani kumwita paka. Paka amekaa kwenye meza yangu tangu tulipoanza. Acha nikwambie yangu upesi. Anakwenda shuleni akiupapasa ukuta wa nyumba yangu, halafu uzio, halafu anahesabu kwa mguu. Wanafunzi anawatambua kwa sauti, na aliyepiga kelele anamjua kwa kikohozi. Darasani siku hizi ni wao wanaosoma kwa sauti, yeye anasikiliza na kukosoa, na nasikia anakosoa vizuri kuliko zamani. Shati anafunga vifungo kombo. Siku moja aliniuliza yuko sawa, nikasema yuko sawa, kwa sababu alikuwa na furaha siku ile na sikuwa na roho ya kumwambia.

Kisu cha daktari hakiogopi. Anasema sasa hivi bado anauona mwanga wa dirisha. Je, bandeji ikifunguliwa asiuone hata huo? Aliniambia hivyo mara moja tu, halafu akaninunia siku nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Anarudi. Hajampata paka.

Andika, tunafunga. Mwambie asome. Mwambie look haina kielezi. Mwambie...

Mjomba wako

10 Agosti

Mjomba, na wewe fundi unayesoma,

Shikamooni. Mimi mzima. Fundi, asante. Hapa usome polepole, na wateja uwatoe nje.

Mjomba, umemtaja Mama. Tangu azikwe wewe na mimi tumeandikiana barua za kujaza sanduku, na hatujamtaja. Tumetaja paka kila barua.

Mama hakuuawa na jambo dogo. Wewe ulikuwepo na mimi nilikuwepo. Alikuwa na maumivu mwaka mzima, na kila tukimuuliza alisema yuko sawa, akainuka akafagia ili tumwone anafagia. Alionekana mzima. Alijua kuonekana mzima kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alipofika kwa daktari lile jambo halikuwa dogo tena, na daktari aliyeliita dogo alikuwa anatuonea huruma. Sasa naona ndugu yake naye ameanza kufagia. Usinifanyie hivyo, Mjomba. Mara moja inatosha. Sina mjomba wa akiba.

Sitakuahidi kwamba utaona. Mimi si daktari, na hoteli imenifundisha kutoahidi hata maji ya moto. Nasema hivi tu: ukungu hausubiri ratiba yako ya shule. Ukikaa, hata huo mwanga wa dirisha utakwenda, na utakwenda bila kukuaga.

Likizo nimeomba nimenyimwa mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo siwezi kuja kukuburuta. Fundi ana mikono ya kutosha, nimekwisha kuiona ikikata turubai.

Habari nyingine: kazi ya mapokezi nimeipata. Baada ya kikao kile nilijifundisha upya kwa kipimo chako cha kutoa look na kuweka is, ambacho ni kizuri sana pale mwalimu anapokifuata. Yule wa ghorofa ya tatu alipewa ripoti aandike peke yake, na hapakuwa na pa kucheka. Mimi sasa nasimama nyuma ya meza ndefu, nimezungukwa na kalamu zenye minyororo, nikiwaambia wageni kwamba kuna dalili za lifti kuharibika.

Wametupiga picha za sare mpya. Yangu nimeifunga ndani ya barua hii. Fundi, nakuomba kitu kimoja: usimwelezee ilivyo, hata akuulize kwa upole, na upole wake unaujua. Mjomba, ukitaka kuniona unajua pa kupita.

Mpwa wako

6 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa wewe hukuniamkia peke yangu. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na herufi ni za ukubwa wa binadamu. Jicho la kulia limekwisha kufanyiwa kazi. La kushoto ni mwezi ujao. Fundi alinipeleka. Nasema alinipeleka kwa heshima yake. Watu waliokuwa barabarani watakueleza vingine.

Daktari ni kijana ambaye ningemtoa darasani kwa kuvaa soksi zile. Alipoondoa bandeji nikafumbua jicho, na kitu cha kwanza nilichokiona duniani baada ya muda wote huo kilikuwa tangazo ukutani, jicho lililochorwa likiwa na miguu miwili, linatabasamu. Nilitaka anirudishie bandeji.

Nyumbani mambo ni mabaya zaidi. Kumbe nimekuwa nikiishi na buibui kwa mkataba wa muda mrefu. Kuta nilizopaka rangi nyeupe ni za rangi ya chai. Nina kiatu cheusi na kiatu cha kahawia, nimepanda navyo ngazi za shule sijui tangu lini, na hakuna aliyesema. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kumweleza kwa heshima kwamba nilikuwa sioni. Akasema alijua tangu mwaka jana, ndiyo maana akanipa darasa la chini. Wanafunzi walijua. Fundi alijua. Kwa hiyo shule nzima ilijitia hamnazo, na mimi niliyekuwa namficha kila mtu nilikuwa najificha mwenyewe nyuma ya ufagio.

Niliogopa. Naandika hilo mara moja, na usinirudishie katika barua yoyote. Uliposema nafagia nilikaa kwa fundi mpaka alipofunga mashine. Na siku ile ya upasuaji, nikiwa nimelala pale nimefunikwa uso, nilijaribu kumkumbuka dada yangu ili anishike mkono. Sauti ilikuja. Sura haikuja. Nilikuwa nimemwacha ndani ya ukungu pamoja na vitu vingine, na sikuwa hata nimegundua. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la picha nikamtafuta. Yupo. Ana lile jino lake. Nimelia kwa jicho moja, na daktari alikuwa amenikataza.

Nimesema ya kwangu. Sasa zamu yako.

Picha yako nilimwomba fundi anieleze, mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili kwa matusi, akakataa zote mbili. Kwa hiyo niliiacha mpaka nilipokuwa tayari, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Sare ni nzuri. Kola imekaa sawa. Tabasamu ni la kazini, lakini limepigwa pasi vizuri, na mtu mwingine yeyote angeridhika.

Tangu Februari umeniandikia kwamba u mzima, nami nikapokea, kwa sababu kipofu na mpwa wake walikuwa wamekubaliana kudanganyana. Sasa nimekutazama asubuhi nzima. Mashavu yamekwenda. Shingo imebaki peke yake ndani ya kola hiyo. Hivyo ndivyo mama yako alivyokuwa mwaka ule, na mwaka ule nilikuwa na macho yote mawili na sikusema.

Sisemi unaonekana umekonda, mwanangu. Sisemi unaelekea kukonda. Umekonda. Waambie hotelini wakupe likizo au wabaki na meza yao, upande gari, uje nyumbani.

Mjomba wako